Ukimsimulia mtoto stori za Thor, anza na mbuzi

Wazazi wenzangu, Thor na Loki, wale miungu wa kale wa Skandinavia, watoto washawaona kwenye katuni, ila ukitaka kuwapa stori zenyewe za kule Iceland, zile alizoziandika Snorri Sturluson, mwandishi wa huko huko, miaka ya 1220, usianze na uumbaji wa dunia. Mimi nawasimulia wangu kabla ya kulala, na ukianza na lile jitu Ymir linauawa, nyama yake inakuwa ardhi, fuvu linakuwa mbingu, halafu majina yote yale, ama wanasinzia ama usiku wa manane wako kitandani kwako.

Anza na mbuzi. Gari la Thor linavutwa na mbuzi wawili, jioni moja yeye na Loki wanafikia kwa wakulima, Thor anawachinja mbuzi wake mwenyewe na kuwakaribisha wenyeji wale, sharti moja tu, mifupa yote itupwe juu ya ngozi, usivunjwe hata mmoja. Sasa kijana wa mle ndani, Thjalfi, tamaa ikamponza, akapasua mfupa wa paja anyonye uboho. Asubuhi Thor ananyanyua nyundo, mbuzi wanafufuka, mmoja anachechemea! Hapo wangu huwa washakaa kitako, hakuna wa kusinzia tena, maana nani hajawahi kudokoa kitu alichokatazwa?

Fidia yake ikawa Thjalfi na dadake Röskva wamtumikie Thor, kwa hiyo tayari una watoto wawili safarini kwenda nchi ya majitu, wanalala kwenye jumba kumbe ni glavu ya jitu Skrymir, raha tupu. Mbele huko, kwenye ngome ya mfalme wa majitu, Thjalfi anashindana mbio na kijana Hugi anaachwa mbali, Thor naye anashindwa kunyanyua paka, mguu mmoja tu ndo unatoka chini. Usiharakishe kusema kwamba paka ni nyoka anayeizunguka dunia na Hugi ni wazo la yule mfalme mwenyeji wao, waache wabishane kwanza, mtoto wangu mdogo alishikilia kwamba Thor alikuwa hajala.

Ragnarök, yaani vita vya mwisho vya miungu, subiri wakue kidogo. Ila Röskva, Snorri hampi kazi yoyote ya maana, basi waachie wao wamtungie. Kwa binti yangu ametoroka usiku, amerudi kwao kumchukua yule mbuzi kilema, na wanangu wameshagoma kumrudisha kwa Thor.