Ardhi ikitetemeka kila siku: ushauri kwa wanaoishi kwenye Bonde la Ufa

Julai 12, 2007 ardhi ilianza kutikisika kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron, kwenye miteremko ya mlima Gelai. Yalikuja matetemeko madogo, kisha ya wastani, mchana na usiku. Julai 17 likaja la ukubwa wa 5.9, kubwa kuliko yote, na likasikika mpaka Nairobi, ambako watu waliteremka mbio kutoka maghorofani. Matetemeko yaliendelea kwa wiki kadhaa, na Septemba 4 volkano iliyo jirani, mlima Ol Doinyo Lengai, ukalipuka kwa nguvu.

Angalia mpangilio huo. Lililo kubwa halikuja la kwanza. Tetemeko la kawaida, kama lile la Bukoba la Septemba 10, 2016, hupiga kwa nguvu mara moja, halafu yanafuata madogo yanayozidi kufifia. Matetemeko ya mfululizo hayana utaratibu huo. Huko Ethiopia, eneo la Fentale na Awash lilianza kutikisika mwishoni mwa Septemba 2024, na mojawapo ya makubwa zaidi, la takriban 6.0, lilipiga Februari 14, 2025, miezi karibu mitano baadaye. Kwa hiyo jirani akikwambia siku ya tatu kwamba kubwa limeshapita, turudi ndani tulale, usimfuate. Hana namna ya kujua, na hakuna mtaalamu anayeweza kumthibitishia.

Sababu iko chini. Bara linapasuka na kutanuka kwenye Bonde la Ufa, na mara nyingine magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda na kujipenyeza kwenye mwamba kama kabari inavyopasua gogo. Kila inaposogea, mwamba wa pembeni unakatika vipande vipande, na kila mkatiko ni tetemeko. Huko Gelai magma haikufika juu. Huko Afar, Ethiopia, mwaka 2005 ilipasua ardhi kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na sehemu nyingine kwa upana wa hadi mita 8, lakini iliyotoka nje ilikuwa kidogo mno. Mara nyingi mambo huishia chini kwa chini. Hata hivyo nyumba yako haijali kama magma imetoka au haikutoka. Inachokijua ni kwamba imetikiswa mara mia, na kila mara imelegea kidogo.

Hapo ndipo ushauri wetu unapoanzia: madhara ya mfululizo hujilimbikiza. Ukuta uliostahimili tetemeko la 5 wiki iliyopita unaweza kuangushwa na la 4.5 leo. Ikague nyumba kila asubuhi, na kila baada ya tetemeko lililokuamsha.

Chukua penseli, rula na timazi. Kila ufa uwekee alama ya mstari mwembamba kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni, kisha pima upana mahali ulipo mpana zaidi. Kesho yake tazama kama ufa umeivuka alama. Ukitaka uhakika zaidi, bandika bonge dogo la jipsamu, la sentimita 5 hivi, juu ya ufa, uliache likauke. Likikatika, ukuta unatembea. Usipige lipu juu ya nyufa wakati ardhi bado inatikisika. Watu hufanya hivyo ili nyumba ionekane nzima na roho itulie, lakini lipu inaficha taarifa pekee uliyonayo, na simenti yenyewe itapasuka ndani ya siku mbili.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu peke yake si za kuogopa. Za kuogopa ni zile za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha na milango, zinazofuata viungo vya matofali kwa ngazi, na zile za wima kwenye kona ambako kuta mbili zinakutana. Ufa wa kona maana yake kuta zimeachana, na kila ukuta sasa unasimama peke yake. Ufa ukifika milimita 5, au timazi ikionyesha kwamba ukuta wa mita 2.5 umeinama sentimita 2 au zaidi, msilale tena ndani. Mlango ulioanza kukwama bila mvua kunyesha nao ni dalili ya fremu iliyopinda. Ushughulikie siku hiyohiyo, maana ndio njia yenu ya kutokea.

Sehemu inayoua zaidi kwenye nyumba zetu za chini ni ile pembetatu ya ukuta inayopanda juu ya linta hadi kwenye kilele cha paa. Haina kitu kinachoishika juu, matofali yake yamekaa kwa uzito tu, na ikitikiswa huangukia nje. Inaangukia hasa pale anapopita mtu anayekimbia. Ikiwa mlango wako uko upande huo, tumieni mlango wa pili, na hamisheni vitanda vilivyo chini yake. Matetemeko yakishatulia, mwite fundi aitoe. Kwanza paa lishikiliwe kwa mihimili ya mbao. Matofali yatolewe kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu, yasisukumwe kwa mkupuo. Nafasi yake ijazwe na fremu ya mbao za 2 kwa 4 zilizoachana sentimita 60, zikapigiliwa bati. Haipendezi kama tofali, lakini bati likianguka haliui familia. Wakati huohuo kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene wa mabati uliopitishwa kozi tatu chini ya linta. Wengi hupigilia msumari mmoja kwenye ubao wa juu ya ukuta, na paa zima linategemea msumari huo.

Tangi la maji juu ya mnara wa matofali ni hatari nyingine inayosahaulika. Lita 1,000 ni tani nzima ya uzito, imewekwa juu ya miguu myembamba. Mfululizo ukianza, lishushe chini lote, ulikalishe kwenye kifusi kilichosawazishwa. Maji utayahitaji hata mabomba yakikatika, na chini ndiko utakakoyachota bila shida. Mtungi wa gesi ufungwe kwa mnyororo ukutani, na regulata izimwe kila usiku. Kabati refu lifungwe kwa kipande cha chuma chenye pembe. Viatu viwekwe ndani ya mfuko chini ya kitanda, kwa sababu watu wengi huumia miguu kwenye vioo gizani baada ya tetemeko ambalo halikuangusha kitu kingine.

Choo cha shimo kikaguliwe pia. Kwenye udongo wa majivu ya volkano, shimo lisilojengewa linamomonyoka kimyakimya kwa ndani huku sakafu ya juu ikionekana nzima. Mulika tochi kupitia tundu kabla mtoto hajaingia.

Tetemeko likija ukiwa ndani, uamuzi unategemea jengo. Kwenye ghorofa lenye nguzo za zege na nondo, usikimbilie ngazi. Piga magoti chini ya meza imara, shika mguu wake, kinga kichwa. Kwenye nyumba ya chini ya matofali ya udongo au mawe, na mlango uko hatua chache na nje ni wazi, toka, kisha nenda mbali na ukuta kwa umbali wa mara moja na nusu ya kimo chake. Mlango ukiwa mbali, lala kando ya kitanda kizito, kinga kichwa. Kusimama kwenye fremu ya mlango hakukulindi kwenye nyumba zetu, ingawa ushauri huo bado unazunguka. Kwenye kingo za Bonde la Ufa, mifugo na maboma viondolewe chini ya miamba, maana mawe huporomoka hata saa kadhaa baada ya mtikisiko.

Kulala nje ni sawa, ila chagua mahali. Na hapa wakazi wa Goma, Sake na Gisenyi wana jambo lao la pekee. Mei 22, 2021 mlima wa volkano Nyiragongo ulilipuka, na lava ikasimama ukingoni mwa mji. Siku zilizofuata ndizo zilizokuwa na matetemeko mfululizo, kwa sababu magma ilikuwa inasafiri chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu. Mei 27 mamlaka ziliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe. Katika eneo hilo kuna mazuku, yaani mashimo na mabonde ambamo gesi ya kabonidayoksaidi hujikusanya kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, na mtu aliyelala chini huzidiwa kabla hajajitambua. Mtikisiko unaweza kufungua nyufa mpya na mazuku yakatokea mahali ambapo hayakuwapo. Laleni kwenye mwinuko, watoto wawe juu ya vitanda au meza, na saa za alfajiri, kabla ya jua na upepo, msiingie mabondeni. Ukiona ndege, panya au mbuzi wamekufa bila jeraha, rudi nyuma ulikotoka. Usiteremke na kibiriti ili kupima kama moto utazimika, kwa sababu pale moto unapozimika hewa imeshakuwa hatari kwa mtu.

Weka daftari. Andika saa, muda wa mtikisiko na vitu vilivyoanguka. Pigo la kwanza dogo na mtikisiko wa pili wenye kuyumba huachana kwa sekunde kadhaa. Hesabu, zidisha kwa 8, upate makadirio ya kilomita kutoka ulipo hadi chanzo cha tetemeko. Sekunde 3 ni kama kilomita 24. Kipimo chako kimoja hakina uzito, lakini daftari la watu ishirini wa kijiji kimoja, sekunde zikipungua wiki hadi wiki, ni taarifa ya kupeleka kwa wataalamu. Peleka pia habari za nyufa za ardhini zilizojipanga sambamba na bonde, chemchemi iliyobadilika joto au rangi, na majani yaliyonyauka kwa mstari. Tanzania wahusika ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Goma ni kituo cha kufuatilia volkano. Tovuti za kimataifa za matetemeko huonyesha hasa yale ya kuanzia 4 hivi katika kanda yetu, kwa hiyo kukosekana kwa tetemeko lako huko si ushahidi kwamba hukulisikia. Ujumbe wa simu unaotaja saa ya tetemeko lijalo ufute, usiusambaze.

Kurudi ndani tunashauri kusubiri wiki tatu bila mtikisiko unaosikika, na alama za penseli ziwe hazijavukwa. Nyufa zilizobaki ndipo zishonwe: fundi achimbe mfereji wa kina cha sentimita 4 kwenye kiungo cha matofali, kila baada ya kozi 5, alaze nondo ya milimita 6 inayopita sentimita 50 kila upande wa ufa, aoshe vumbi kwa maji, ajaze simenti moja kwa mchanga tatu, na afunike kwa magunia yenye maji kwa siku saba. Fundi asiyeosha vumbi atakuachia nondo isiyoshika kitu, kwa hiyo simama naye wakati huo.