Kula kwenye mikahawa ya Kihindi ughaibuni

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nasoma Leicester, Uingereza. Mikahawa ya Kihindi hapa mingine ni ya Waislamu, mingine ya Masingasinga, mingine ya Wahindu wasiopika nyama kabisa. Tule wapi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Tuanze na nyama. Aliyechinja akiwa Mhindu au Singasinga, nyama hiyo kwetu ni kibudu, hata mpishi akiwa Mwislamu, kwa sababu Suratul Maida aya ya 5 imehalalisha vya waliopewa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, na hao hawamo. Ila mwenye mkahawa siye mchinjaji. Mhindu naye aweza kununua kwenye bucha ya Waislamu. Usiulize "ni halali?", utajibiwa ndiyo upesi upesi. Uliza kuku wananunua wapi, na cheti ni cha nani. HMC (Halal Monitoring Committee), moja ya taasisi za Uingereza zinazotoa vyeti vya halali, hawakubali mnyama kupigwa shoti ya umeme kabla ya kisu. HFA (Halal Food Authority), taasisi nyingine ya vyeti, wanakubali shoti isiyomuua. Mwenye kutaka tahadhari ashike HMC. Mwislamu akikwambia kachinja yeye, piga bismillahi ule, wala usimpekue.

Mikahawa ya mboga ya Wagujarati, wengi wao waliotoka Uganda na Kenya, ni nyepesi zaidi: dengu, bilingani, muhogo wa kukaanga, vyote asili yake halali. Paneer halisi, yaani jibini ya Kihindi, hugandishwa kwa ndimu au siki, si kwa kigandisho kitokacho tumboni mwa ndama. Prasadi, chakula cha ibada ya Kihindu kilichowekwa mbele ya sanamu, iache.

Watu hukosea kwenye mkahawa unaopika nyama na mboga pamoja. Wanaagiza bajia wakidhani wamesalimika, kumbe zimetumbukizwa kwenye karai lililokaanga kuku. Kuku akiwa kibudu, mafuta yote yamenajisika, na kwa madhehebu yetu ya Shafi mafuta ya maji hayatohariki. Kwa hiyo uliza kama karai la mboga ni la peke yake. Naan, mkate wa Kihindi, nayo hubandikwa ukutani mwa tanuri moja na mishikaki ya kuku. Hapo shaka tupu haiharamishi. Lakini ukijua mafuta ya nyama yameigusa, agiza chapati ya kwenye chuma. Na vindaloo, mchuzi mkali wa pilipili, kwa asili yake ya Goa huko India, hupikwa kwa nguruwe, ingawa Uingereza aghalabu ni kuku au kondoo. Usiagize bila kuuliza.

Wenzako wakiagiza bia, hama meza. Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na sharubati yako haibadilishi hukumu hiyo.

Wallahu aalam.