Kutembea na bastola iliyokokiwa

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninauza vipuri Moshi na kila wiki napeleka fedha Arusha. Nina Glock 19, leseni ipo. Mwenzangu, mwenye Tokarev ya zamani, anasema bastola isiyokokiwa, yaani isiyo na risasi chemba, pale nyuma ya mtutu inapofyatuliwa, ni jiwe tu. Mke wangu hataki hata kusikia. Nimfuate nani?

Jibu: Marahaba. Shemeji anaogopa itajifyatua yenyewe. Hiyo ni shida, ila siyo kubwa: Glock ina kinga tatu zinazoachia pale tu kifyatulio kinapovutwa. Haina seftii ya kubonyeza kwa dole gumba, na haijui kilichovuta ni nini. Kidole, ufunguo, au ile kamba ya koti tunalovaa Julai, yenye kidude cha plastiki mwishoni. Ikitangulia kuingia kwenye ala nawe ukasukuma bastola, paja ndilo litakalopokea.

Kwa hiyo nunua kwanza ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ya kitambaa itupe. Mfukoni, kwenye mkoba wa fedha au chini ya kiti cha gari, usikoki kabisa.

Wanafunzi wangu wanapenda kuchomoa kwa kasi, kisha wanarudisha kwa kasi ileile, kana kwamba kuna anayewakimbiza! Kurudisha hakuna haraka. Kidole kilale ubavuni mwa bastola, pandisha shati, tazama ndani ya ala, ndipo uingize. Ikikuponyoka chooni, iache ianguke. Anayeidaka ndiye anayevuta kifyatulio.

Jioni, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma. Ukianza na slaidi utatoa risasi moja na kupandisha nyingine, na utaapa iko tupu. Chungulia chemba, kisha ipapase kwa kidole. Risasi ileile usiikoki kila asubuhi, maana kichwa chake hudidimia kidogo kidogo ndani ya ganda na presha hupanda. Ibadilishe.

Kama una miezi hujaenda kulenga shabaha, chemba ibaki tupu, mshindi awe shemeji.

Ninayemhofia zaidi ni huyo mwenzako. Tokarev TT-33 ilitoka kiwandani bila seftii ya mkono. Nyundo inayofyatua risasi huzuiwa katikati ya njia na kijino cha chuma tu, na kijino hicho huchakaa. Mpigie leo, atoe risasi chemba.