Lang'ata ipi? Maneno kwa wanagenzi wa dawati la siasa

Tangu Raila Odinga, Baba kwa wafuasi wake, alipoaga dunia Oktoba 2025, makala za "Lang'ata, ngome ya Baba" hazijakoma kutua mezani kwangu. Nazisoma zote, nyingine kabla sijanywa chai, jambo ambalo kwa umri wangu si la afya. Mnaandika vizuri kuliko tulivyoandika sisi, na hilo sitalirudia. Lakini kuna sentensi ambayo nimechoka kuifuta: "Ken Okoth alimrithi Raila katika kiti cha Lang'ata mwaka 2013." Hakumrithi. Okoth aliingia Bungeni kwa kiti cha Kibra, jirani yake hapa Nairobi, ambacho kabla ya uchaguzi ule hakikuwepo. Aliyechukua Lang'ata ni Joash Olum. Basi nayaandika haya mara moja, ili siku nikikuita tuzungumze mengine.

1. Jina la eneobunge halikuambii ni watu gani wamo ndani yake.

Lang'ata aliyoiwakilisha Raila kuanzia 1992 hadi 2013 ilikuwa na ua wa michongoma wa Karen na mabati ya Kibera katika sajili moja ya wapiga kura. Kisha ikaja Katiba ya 2010, na kifungu cha 89 kikaongeza maeneobunge kutoka 210 hadi 290. IEBC, tume ya uchaguzi, ikachora mipaka, na Machi 2012 ikachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, Tangazo la Kisheria nambari 14. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley, yaani upande wa Kibera, zikawa Kibra. Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Yaani jina lilibaki upande mmoja wa mpaka, na wale waliokuwa wakimbeba Baba mabegani wakawa upande wa pili.

Mimi nilikuwa nayajua haya yote. Tangazo lilikuwa kwenye droo yangu. Sikilizeni basi jinsi mtu anavyoweza kujua kitu na bado kikamtoa roho.

Baada ya uchaguzi wa 2013 nilipewa kazi ya kutengeneza jedwali la kura za ubunge Nairobi, 2007 kando ya 2013. Nikafika Lang'ata, nikaona kura za mshindi wa ODM, chama cha Raila, zimepungua sana zikilinganishwa na za Raila. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi sikujiuliza kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari: watu wamehama Kibera. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zimewafukuza, kodi Rongai, nje kidogo ya jiji, ni nafuu, mambo ndiyo hayo. Nikamtafuta mwenye nyumba Rongai akanithibitishia kwamba naam, wapangaji wake wengi ni wageni. Angesema nini kingine? Kila mpangaji wa Rongai ametoka mahali. Nikampata na mhadhiri aliyenipa maneno marefu kuhusu miji inayobadilika. Makala ikanona. Kichwa cha habari nilikipenda kiasi cha kumpigia mama watoto simu nimsomee.

Na katika jedwali lile lile, kwa kuwa lilipangwa kwa alfabeti, mstari wa juu tu ya Lang'ata ulikuwa wa Kibra. Safu yake ya 2007 ilikuwa tupu. Nikadhani takwimu zimepotea, nikaweka kistari, nikaendelea na kazi.

Mhariri aliipitisha, usiku wa matokeo mhariri hupitisha hata orodha ya dobi. Kulipopambazuka, simu ya kwanza ilitoka Makina. Mzee mmoja, sauti ya upole kabisa. "Mwanangu, nasoma hapa kwamba tumehama. Mimi nakupigia kutoka barazani kwangu. Sasa niambie, tumehamia wapi?" Waliofuata hawakuwa wapole. Kilichoninyima usingizi, hata hivyo, ni wakala wa mgombea mmoja aliyenishika mkono kwa furaha akitaka takwimu zangu akazitumie kwenye kesi ya uchaguzi. Ilibidi nimweleze, mbele ya watu, kwamba hakuna aliyehama, kwamba ni mimi niliyelinganisha eneobunge zima na kipande chake. Furaha ikamtoka usoni, na mkono akauachilia.

Masahihisho yakatoka ukurasa wa ndani, aya mbili. Wazee wa chumba cha habari wakaniita Lori, kwa kuwa niliihamisha Kibera nzima usiku mmoja, na wengine wananiita hivyo mpaka leo. Sasa mnajua. Msithubutu.

2. ODM haikuwepo mwaka 1992.

"Ngome ya ODM tangu vyama vingi." Jamani! Chungwa, nembo ya ODM, lilizaliwa na kura ya maoni ya 2005. Raila alishinda Lang'ata 1992 kwa FORD-Kenya, 1997 kwa NDP, 2002 kwa NARC, na 2007 ndipo kwa ODM. Tena mwaka 1997 alishinda mara mbili, Machi na Desemba, na hapa ndipo penye utamu ambao hakuna mwanagenzi aliyewahi kuniletea. Aliachana na FORD-Kenya mwishoni mwa 1996, na kwa sheria mbunge anayehama chama kilichompa tiketi hupoteza kiti, kwa hiyo ikabidi arudi kwa wapiga kura kwenye uchaguzi mdogo. Sheria hiyo ilitoka wapi? Ilipitishwa 1966, mbio mbio, Jaramogi, babake Raila, na wenzake walipoihama KANU, chama tawala, na kwenda KPU, cha upinzani. Ilitungwa kumbana baba, ikaja kumkuta mwana miaka 30 baadaye. Mmeketi juu ya habari kama hiyo mnaniandikia "mwanasiasa mkongwe."

3. Historia haikuanza na mtu unayemkumbuka.

Kabla ya Raila, kiti cha Lang'ata kilikuwa cha Philip Leakey wa KANU, aliyeingia 1979, na kabla yake Mwangi Mathai, aliyeshinda 1974. Huyo wa pili nyinyi mnamjua tu kama aliyekuwa mume wa Wangari Maathai. Kosa la ukoo huu huu ni lile la "Kibaki, mbunge wa Othaya tangu 1963". Kibaki, aliyekuja kuwa Rais, alianzia Nairobi, kiti kilichokuja kuitwa Bahati, na Othaya akaenda 1974.

4. Mtaa ni Kibera, eneobunge ni Kibra.

5. Matokeo ya ubunge yako kwenye fomu 35A na 35B. Ukinitajia 34A, ambayo ni ya urais, najua hukufika kituoni.

6. Usiseme kiti "kimerithiwa" ilhali watu wamepiga kura.

Okoth alipofariki Julai 2019, nduguye Imran alishinda uchaguzi mdogo wa Novemba 7, ndiyo, lakini kwa kupambana na McDonald Mariga wa Jubilee na Eliud Owalo wa ANC. Uliokuwepo utakumbuka kwamba haikuwa hitma ya kugawana mali. Na Lang'ata yenyewe, hiyo mnayoiita ngome, ilimchagua Nixon Korir wa Jubilee mwaka 2017 kabla ya kurudi ODM na Jalang'o 2022.

7. Hifadhini ramani za 2012 leo.

Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kikomo kilikuwa Machi 2024 nacho kikapita tume ikiwa haina makamishna. Wa zamani walikuwa wameondoka kufikia mapema 2023 na wapya wakaapishwa Julai 2025. Mipaka itachorwa tena mkiwa kwenye madawati haya, na siku hiyo ramani za sasa zitakuwa ngumu kupata kuliko teksi siku ya mvua. Kila jedwali liwe na mwaka wa mipaka kando ya mwaka wa uchaguzi. Penye nafasi tupu pasiwekwe kistari kabla hujanionyesha.

Aliyepewa Embakasi aje kwangu kesho saa tatu asubuhi. Jina moja la 2007 sasa ni maeneobunge matano, na rasimu niliyoiona inazungumzia moja.