Mkono wa Muuza Maua

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Juzi barazani kwetu kulizuka ubishi. Jamaa mmoja alisema zamani Chicago kulikuwa na jambazi mkubwa mwenye duka la maua, akauawa akisalimiana na watu. Wenzangu wakamcheka, eti anatunga. Kama ni kweli, mtu mjanja kiasi hicho alimpaje adui mkono? Na Al Capone, yule jambazi maarufu wa Chicago, alifungwa kwa kosa hilo?
Fundi viatu, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakutunga, mnunulieni kahawa.

Mtu huyo ni Dean O'Banion, mkuu wa genge la kaskazini ya Chicago. Tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima. Kiu haikupigwa marufuku, basi magenge yakagawana mji na kuuza kwa magendo. Duka la O'Banion lilikuwa North State Street, likitazamana na kanisa kuu la Holy Name, na wala halikuwa la kuzugia tu. Maua aliyapenda, akiyapanga kwa mikono yake. Majambazi walipokufa, na walikufa mfululizo, mashada yaliagizwa kwake. Hapa Tanga angefilisika: sisi maiti twamfukizia udi na kumnyunyizia marashi, asumini yetu ni ya bibi harusi.

Ugomvi wake na Johnny Torrio, mkuu wa genge la kusini na bosi wa Capone, ulikuwa wa muda mrefu, lakini kilichouchemsha ni kiwanda cha bia cha Sieben. O'Banion alijifanya anastaafu, akamuuzia Torrio hisa zake kwa dola 500,000. Kumbe alishanong'onezwa kwamba polisi wanakuja. Mei 19, 1924 wakavamia, Torrio akakamatwa, na kwake lilikuwa kosa la pili, la kwenda jela. Ule haukuwa ujanja, ulikuwa ufidhuli.

Aliyekuwa akizuia O'Banion asiuawe ni Mike Merlo, mzee mwenye sauti kubwa kwa Wasisilia wa mji ule. Merlo akafa kwa saratani Novemba 8. Hapo ndipo penye jibu lako. Kifo hicho kilimvua O'Banion ngao, na papo hapo kikampa kazi: maua ya mazishi yakaagizwa dukani kwake, watu wakiingia na kutoka.

Marehemu mama yangu alikuwa akitunga vikuba kibarazani Chumbageni. Mteja akifika, mama alikuwa na uzi mkono huu na asumini mkono huu, hata nzi hakuweza kumfukuza. Muuza maua ndivyo alivyo. Novemba 10, karibu na adhuhuri, wakaingia watu watatu. O'Banion, ambaye siku zote alitembea na bastola, aliwapokea kama waliofuata maua ya Merlo. Mkono wa kushoto ameshika mkasi, wa kulia kaunyoosha. Yule wa katikati akaupokea, akaung'ang'ania. Wenzake wakafyatua.

Yaliyofuata ni kisasi juu ya kisasi. Januari 1925 wafuasi wa O'Banion walimmiminia risasi Torrio nje ya nyumba yake. Akapona, lakini akamwachia Capone biashara yote. Mrithi wa O'Banion, Hymie Weiss, akauawa Oktoba 1926 hatua chache kutoka duka lile lile, risasi zikachubua hadi ukuta wa kanisa. Februari 14, 1929 watu 7 wa upande huo wakapangwa ukutani ndani ya gereji, wauaji wengine wakiwa wamevaa sare za polisi.

Capone hakufungwa kwa lolote kati ya hayo. Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato. Kwa damu ya O'Banion hakutiwa hatiani mtu yeyote.