Jibu: Makadirio ya fensi ya 2019 kwa bei za leo

Mkuu, umeuliza kwa nini makadirio ya fensi uliyopewa Dar mwaka 2019 hayatoshi leo, na kama fundi anakupiga. Si lazima awe anakupiga. Saruji ilipanda ghafla Novemba 2020 ilipoadimika madukani. Nondo zikafuata 2021 na 2022, bei ya chuma duniani ilipopaa baada ya korona na kisha vita vya Ukraine. Mafuta nayo yakapanda, na lori la mchanga likaenda nayo.

Achana na bei ya jumla, hesabu tofali. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukitoa geti la mita 4, kinabaki na mita 76. Ukuta wa mita 2 kwenda juu ni mita za mraba 152, na tofali za inchi 6 huingia kama 10 kila mita ya mraba: karibu 1,520, bado msingi na zitakazovunjika. Idadi hiyo ni ileile ya 2019. Kaulizie bei kwa wafyatuaji watatu walio jirani na kiwanja, kisha zidisha.

Nondo za nguzo usipunguze, nakuomba sana. Nimeshuhudia ukuta wa jirani ukilala chini masika ya kwanza tu. Fedha ikipungua, anza na upande wa barabarani, kwingine panda michongoma kwa sasa.