Kuhusu gramafoni uliyoinunua Ngamiani

Ndugu yangu, umeniuliza namna ya kuitumia gramafoni uliyoinunua; kwa kuwa umeeleza kwamba ni ya sanduku, ina mpini ubavuni na picha ya mbwa anayesikiliza pembe ndani ya kifuniko, basi hiyo ni ya chapa ya His Master's Voice, iliyokusudiwa santuri za kale za shelaki (aina ya utomvu mgumu) zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Santuri za plastiki za miaka ya baadaye usiziweke kabisa, kwani sindano ya chuma itazichimba. Kwanza tia matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye mashine, maana hewa ya chumvi ya hapa Tanga haisamehi chuma, kisha zungusha mpini taratibu na uache pindi mkono unapohisi ugumu. Kasi utaipima kwa kubandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri na kuhesabu mizunguko yake kwa dakika nzima. Sindano hubadilishwa kila upande mmoja unapomalizika, jambo ambalo wengi hulipuuza, na ingekuwa hasara iliyoje kuziharibu namna hiyo santuri za Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Zanzibar, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, ukibahatika kuzipata. Kamani, yaani springi inayoizungusha mashine, usiifungue mwenyewe, kwa sababu ikifyatuka hujeruhi vibaya.